Pedali Ilipozama: kipindi cha gari la michezo

SAUDA: Hamjambo wapenzi wa magari, karibuni kipindini. Mimi ni Sauda, fundi, na mwenzangu ni kaka Kheri, mwenye gari la milango miwili ambalo mmekuwa mkiliuliza.

KHERI: Asante dada Sauda. Leo nimekuja na jambo moja. Mnakumbuka nilisema nataka programu ya kompyuta ya injini iandikwe upya? Gari lina tabo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na ukibadilisha programu nguvu zinapanda bila kufungua hata nati moja. Sauda akaniambia nenda kwanza uwanja wa mbio na gari hivyohivyo lilivyo, kisha rudi tuzungumze.

SAUDA: Ukaenda.

KHERI: Nikaenda. Mizunguko minne ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wa tano, mwisho wa ile sehemu ndefu iliyonyooka, nakanyaga breki, pedali ikazama. Ni kama unakanyaga godoro. Nikapampu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ndiyo ikashika. Kona niliiingia nimechelewa, matairi ya upande mmoja yakaishia mchangani. Gari halikuumia, lakini mikono ilinitetemeka hata baada ya kuzima injini.

SAUDA: Tushukuru uko hapa. Waambie wasikilizaji nilikuuliza nini uliponipigia simu.

KHERI: Hukuuliza pedi wala diski. Uliuliza, "Oili ya breki ilibadilishwa lini?" Nikakosa jibu. Gari nililinunua likiwa limetumika, lina miaka mitano. Kitabu chake cha huduma kina mihuri ya oili ya injini, ya chujio, ya plagi. Ya oili ya breki hakuna hata mmoja.

SAUDA: Na si wewe peke yako. Oili ya breki haipungui, haivuji, taa haiwaki, kwa hiyo mtu anaisahau. Kumbe inakunywa maji. DOT 4, aina ya oili ya breki iliyo kwenye magari mengi ya siku hizi, ni ya jamii ya glaikoli, na glaikoli huvuta unyevu wa hewani kidogo kidogo, hata kupitia mipira ya breki. Ikiwa mpya, kiwango kinadai isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishashika maji asilimia 3.7, kiwango hichohicho kinakubali ichemke kuanzia nyuzi 155. Tofauti ya nyuzi 75 imeliwa na unyevu tu, gari likiwa limeegeshwa.

KHERI: Na mimi nilikuwa nafunga breki kila kona.

SAUDA: Kila kona. Joto la diski likapita kwenye pedi, likaingia kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, oili ikachemka ikatoa mvuke. Oili haibanwi, ndiyo maana mguu wako ukisukuma huku, pedi inasukuma kule. Mvuke unabanwa. Mguu wako ulikuwa unabana mapovu.

KHERI: Tulipoitoa niliiona kwa macho yangu. Sauda alivalisha kimpira chembamba kwenye nipeli ya kalipa, kile kitundu cha kutolea oili, mwisho wake ndani ya chupa, akaniambia kanyaga, shikilia, usiachie mpaka nikwambie. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kina tope. Tukaendelea mpaka ikaanza kupita ile ya rangi ya asali, safi, unaona ng'ambo ya kimpira.

SAUDA: Na tulianza gurudumu gani?

KHERI: La mbali zaidi na silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali. Mengi ndivyo yanavyoanzia, lakini ulifungua kwanza kitabu cha gari, kwa sababu mengine yana mpangilio wake, na mengine yanahitaji kompyuta ya uchunguzi ili ifungue vali za ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki.

SAUDA: Sawa kabisa. Nyongeza moja kwa wanaotaka kujaribu: usichanganye DOT 5 na hizi nyingine. Jina linafanana na DOT 5.1, lakini DOT 5 ni silikoni, ni kitu kingine kabisa.

KHERI: Sasa rudi kwenye nguvu. Mimi bado nazitaka.

SAUDA: Nazielewa hamu zako, na sikukatazi. Ila hesabu hii nataka ikae kichwani. Nishati ya gari linalokwenda inakua kwa mraba wa spidi. Tuseme leo mwisho wa ile sehemu iliyonyooka unafika kilomita 180 kwa saa. Ukiongeza nguvu utafika 200. Spidi imepanda asilimia 11. Nishati ambayo breki zinatakiwa kuigeuza joto imepanda asilimia 23. Breki ni zilezile, oili ni ileile, mguu ni uleule.

KHERI: Kwa hiyo ningeandika programu kwanza...

SAUDA: Ungefika kona ileile na joto zaidi, na pedali ingezama mapema kuliko mzunguko wa tano. Ndiyo maana nasema oili ya breki kwanza, pedi baadaye, matairi, halafu ndiyo tuzungumze injini. Na pedi zenyewe ukizifunga mpya lazima uzizoeze: unafunga breki kwa nguvu mara kadhaa kutoka spidi ya wastani bila kusimama kabisa, kisha unaendesha taratibu zipoe, ili tabaka la pedi lijipake sawasawa kwenye diski. Ukisimama na breki zimewaka moto huku umekanyaga pedali, pedi inaacha alama mahali pamoja, na baadaye usukani unatetemeka. Watu wanasema diski imepinda, kumbe mara nyingi ni ile alama.

KHERI: Matairi nayo yalinifundisha kitu. Nilikuwa nayatazama kila siku nikiwa nimesimama pembeni ya gari, mistari ipo, kina kipo. Siku ile ukaniambia lala chini na tochi. Upande wa ndani, ule usioonekana, mpira ulikuwa umelika hadi unakaribia waya.

SAUDA: Gari la michezo hutoka kiwandani tairi likiwa limelala kidogo, juu limeingia ndani, ili kwenye kona mpira ushike lami yote. Hilo peke yake halili tairi haraka hivyo. Kinacholila ni alaimenti ikiharibika, matairi mawili yakawa hayatazami mbele sawasawa; tairi linaburuzwa huku linazunguka. Aliyeuza alishusha springi, alaimenti hakuipima tena. Ukigusa urefu wa gari, umegusa pembe zote za tairi.

KHERI: Na ukasoma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni.

SAUDA: Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unakuwa mgumu kwa umri hata kama haujatembea. Gari la michezo huwa linalala sana gerejini, kwa hiyo tairi linaweza kuzeeka na kina chake kikiwa bado kizuri.

KHERI: Tuje kwenye injini, nimengoja.

SAUDA: Haya. Kwanza joto. Sindano ya kwenye dashibodi ni ya maji, na maji hupata moto kabla ya oili. Ukiona sindano imefika katikati ukaanza kukanyaga, oili bado nzito. Kama gari lako linaonyesha joto la oili, angalia hilo. Na ukitoka kwenye mbio, mzunguko wa mwisho uende pole, maana tabo imewaka na oili ikisimama mle ndani inaungua.

KHERI: Na oili yenyewe? Maana kila mtu ana yake.

SAUDA: Fuata kitabu, uzito na kiwango. Kama injini ina tabo na petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, tafuta yenye API SP, kiwango cha ubora wa oili ya injini kilichoanza 2020, kwa sababu injini za namna hiyo zina ugonjwa wake: mchanganyiko wa hewa na petroli kujiwasha wenyewe kabla plagi haijawasha, injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo na mzigo mkubwa. Pigo lake linaweza kuvunja pistoni. Kwa hiyo gia ya sita, spidi ndogo, mguu chini kabisa, usifanye. Shusha gia.

KHERI: Hilo nalihisi linahusu programu pia.

SAUDA: Linahusu sana. Anayeandika programu anaongeza shinikizo la tabo na kusogeza wakati wa plagi kuwaka. Kiwanda kiliacha nafasi kwa ajili ya petroli mbaya, siku ya joto kali, mlima mrefu. Programu kali inakula nafasi hiyo. Ukiandikiwa kwa petroli ya oktani ya juu, yaani isiyojiwasha ovyo, kisha ukajaza ya chini, injini inagonga, kompyuta inachelewesha plagi kuwaka, na nguvu ulizonunua hazipo. Halafu klachi: kama ilitengenezwa kwa msukumo fulani, siku moja gia ya nne inateleza, mzunguko wa injini unapanda na gari haliongezi mwendo. Na bima waambie umebadilisha nini.

KHERI: Chujio la hewa la wazi je? Sauti yake tamu.

SAUDA: Sauti ni tamu, sipingi. Ila likikaa wazi chini ya boneti linavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo. Boksi la kiwandani linavuta hewa ya mbele, baridi. Ukitaka nguvu, angalia Toyota wenyewe: gari lao la michezo la 86, toleo la kwanza, watu walililalamikia injini ya lita 2.0 kwamba inakuja juu kwa kuchelewa, newtonmita 205 za msukumo zikiwa juu ya mizunguko 6,000 kwa dakika. Toleo lililofuata, GR86 ya 2021, hawakuweka tabo. Walitia lita 2.4, zikawa newtonmita 250 kwenye mizunguko 3,700, gari likabaki jepesi. Mimi nalipenda jibu lile.

KHERI: Basi nimeamua. Programu isubiri. Mwezi ujao narudi uwanjani na oili mpya, pedi mpya na alaimenti iliyopimwa, kompyuta ikiwa ya kiwandani. Tutaona mzunguko wa tano.

SAUDA: Wa tano, na wa kumi. Jumamosi tunabadilisha tena oili ya breki kabla hujaenda, maana ile tuliyotia imeshapata joto la majaribio. Kopo utakalokuja nalo liwe na muhuri wake, kaka. Lile lililobaki nusu kwenye rafu lilishafunguliwa, limeshaanza kunywa unyevu wa hewa.

KHERI: Nitakuletea jipya, tutalifungua pamoja.