Saa Tatu za Kahawa

ZAI: Haya, tupo hewani. Shikamoo kaka Hamza.

HAMZA: Marahaba. Wasikilizaji wetu wa zamani mnamjua huyu mdogo wangu, hunisalimia "mambo" kama konda wa daladala. Akitoa shikamoo, ujue ana deni.

ZAI: Deni lipo, sikatai. Wiki hii cheti changu kilitaka kunitoka mkononi, na kaka Hamza ndiye aliyenipa umeme. Ndiyo maana leo tumepanga hatua tano za kupata cheti cha utafiti wa masoko na kukitunza kisife. Nimeziandika kwenye karatasi hii hapa. Ila nianze na kisa.

HAMZA: Anza na zile saa.

ZAI: Cheti changu ni cha chama cha nje, jina nalihifadhi. Kila miaka miwili natakiwa nioneshe saa ishirini za mafunzo, na ndani yake ziwemo za maadili na sheria. Unaandika kwenye tovuti yao, unaambatisha ushahidi, mwisho unasaini tamko kwamba uliyoyaandika ni kweli. Usipofikisha, jina linaondolewa kwenye orodha. Sasa mie najua nimeshamaliza. Jumanne nafungua, mfumo unaniambia kumi na saba. Zile saa tatu nilizowafundisha wadadisi, wale wanaopita kuhoji watu, kule Muheza wamezikataa.

HAMZA: Kwa hiyo aliyefundishwa anahesabiwa, mwalimu hahesabiwi.

ZAI: Kwenye chama changu, ndiyo. Mwisho ni Jumatano saa sita usiku ya London, kwetu saa tisa. Nikasema sawa, jioni nitasikiliza masomo matatu ya mtandaoni, namaliza. Saa mbili usiku, Chumbageni yote giza. Bando ninalo, laptopu ina chaji asilimia kumi na moja.

HAMZA: Akafika Barabara ya Nane kwa bodaboda, kaikumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa. Kwangu kuna sola na inveta. Lakini ndani joto, nikamwambia tukae barazani. Na barazani, kama mjuavyo, kuna wenyewe.

ZAI: Kuna Mzee wa Kashata.

HAMZA: Kuna Mzee wa Kashata, birika, na vikombe. Laptopu tukaiweka juu ya benchi la kahawa, somo likaanza. Mwingereza anafundisha namna ya kuchagua sampuli, yaani watu wachache wa kuhojiwa kwa niaba ya wengi, mie nawatafsiria wazee.

ZAI: Tena bila kuombwa.

HAMZA: Waliomba kwa macho. Mwingereza akasema, ruka nyumba, chagua ya tano, kisha ndani uchague mtu mmoja. Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, "Nyumba yangu ina vyumba sita na majiko manne. Anamtaka nani?"

ZAI: Ikabidi nisimamishe somo. Nikamweleza kwamba hatuhesabu nyumba, tunahesabu kaya, yaani watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja.

HAMZA: Akakujibu nini?

ZAI: Akauliza, "Na wale vijana wawili wa chumba cha uani, wanaokula kwa mama ntilie asubuhi na jioni, chungu chao ni kipi? Cha mama ntilie?"

HAMZA: [anacheka] Saa tano usiku hiyo! Baraza zima likagawanyika. Wengine wakasema kila kijana ni kaya yake, wengine wakasema ni watoto wa mama ntilie. Yupo aliyekumbusha sensa ya Agosti 2022, makarani walipokuja na vishikwambi vyao na mjadala ukawa huo huo.

ZAI: Nami saa inakwenda! Nikawarudisha kwenye somo. Hatua inayofuata, jedwali la Kish. Ukishaipata kaya, humhoji aliyefungua mlango. Unaorodhesha watu wazima wote, jedwali linakuonesha umhoji yupi, ili usije ukawahoji kina mama wa mchana peke yao ukasema hiyo ndiyo Tanga. Leslie Kish aliliandika mwaka 1949.

HAMZA: Mzee akasema, "Tumekuja duniani mwaka mmoja, mie na hilo jedwali. Na mie pia sijastaafu." Sasa Zai, nimepiga hesabu. Mzee anakaa pale saa mbili kila jioni. Mara siku 365, ni saa 730 kwa mwaka. Wewe ishirini kwa miaka miwili zimekutoa jasho. Nataka umwandikie barua kwa chama chako.

ZAI: Niandike nini? Kikombe kimoja dakika kumi?

HAMZA: Kikombe dakika kumi, kashata dakika tano za maadili. Kwa sababu kashata unagawana.

ZAI: Tuwe na adabu, kuna watu wanataka kujua haya mambo. Kuna dada wa Korogwe ametuandikia anauliza aanzie wapi.

HAMZA: Mwambie. Hivi hao wazungu walianza lini kupeana vyeti vya kuuliza maswali?

ZAI: Vyama vyenyewe vya utafiti wa masoko vilianza baada ya Vita vya Pili. MRS ya Uingereza ni 1946. ESOMAR mwaka uliofuata, na 1948 wakatoa kanuni zao za maadili. Siku hizi kanuni hizo wanazitoa pamoja na ICC, ile jumuiya ya kimataifa ya wafanyabiashara. Msingi wake ni kwamba usimdhuru uliyemuuliza, usimfiche unachotafuta, na usijifanye mtafiti kumbe unauza sabuni.

HAMZA: Hilo la sabuni ndilo linalotufungia milango Makorora. Walipita watu na madodoso, kumbe wana sabuni kwenye begi.

ZAI: Na dada wa Korogwe ajue tofauti. Kuna cheti cha kampuni, cha kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 20252, cha tangu 2006. Kinaangalia jinsi kampuni inavyofanya kazi. Kingine ni cha mtu, na hicho ndicho changu. Kampuni kuwa nacho hakukufanyi wewe kuwa nacho. Somo la pili sasa lilikuwa la sheria, na hapo ndipo kaka Hamza alipokosa raha.

HAMZA: Acha hilo.

ZAI: Siachi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya simu unayoichukua ili ofisi ipige kukagua, mwenyewe aambiwe ni ya nini, na kazi ikiisha usiikalie. Kaka Hamza ana daftari.

HAMZA: Ni daftari la kazi. Lina watu wangu niliowakusanya kwa miaka kumi na tisa.

ZAI: Lichome.

HAMZA: Nikilichoma, siku mteja akitaka kumi wa kuwahoji Pongwe kesho asubuhi, utanipigia wewe wewe. Haya, twende somo la tatu.

ZAI: Somo la tatu lilikwenda vizuri.

HAMZA: Zai. Ulilala.

ZAI: Nilisinzia.

HAMZA: Dakika ngapi?

ZAI: Ishirini. Ishirini na tano.

HAMZA: Ukapewa saa ngapi?

ZAI: Saa nzima. Lakini kulikuwa na jaribio mwishoni, nikafaulu!

HAMZA: Swali la nne alijibu nani?

ZAI: ...Ulininong'oneza.

HAMZA: Sasa nina swali, tena silifanyii mzaha. Yule kijana wa Makorora, mwaka juzi. Ulimfukuza kwa nini?

ZAI: Alipika data. Unajua. Tulipiga simu kwa mtu mmoja katika kila kumi aliosema kawahoji, tukakuta watatu hawajawahi kumwona. Dodoso la dakika arobaini kalimaliza kwa sita, na kishikwambi kinaonesha yote matatu yamejazwa pahala pamoja, chini ya mwembe.

HAMZA: Na wewe ulisaini kwamba umepata saa tatu za mafunzo. Tofauti nini?

ZAI: Kubwa! Yeye alitunga majibu ya watu. Mfanyabiashara angeingiza pesa yake kwa uongo ule. Mimi nilisinzia, nani kaumia?

HAMZA: Tamko lako lilisemaje?

ZAI: Kwamba nilihudhuria.

HAMZA: Na yeye alihudhuria Makorora. Mwembe uko Makorora.

ZAI: [anacheka] Hapana. Hapana, kaka, hilo silikubali. Mimi chama kikinikagua kesho wanaweza kunivua cheti. Kuna mahali pa kunishtaki. Wewe ukiharibu, mteja aende wapi? Wahasibu wana NBAA, watu wa ugavi wana PSPTB. Sisi wa utafiti wa masoko hatuna bodi kama hizo. Huna cha kuvuliwa.

HAMZA: Nina jina. Likichafuka Ngamiani halisafishwi kwenye tovuti.

ZAI: Jina lako linajulikana Ngamiani. Mteja yuko Nairobi, yuko Uholanzi. Anakujuaje?

HAMZA: Kwa kazi.

ZAI: Kazi anaiona kwa sahihi yangu.

HAMZA: Hapo ndipo panaponiuma. Ripoti yetu ile ya soko la maziwa, miguu ni yangu, jina ni lako na vile viherufi vyako nyuma yake. Utaniambia nifanye mtihani. Ada kwa pauni, maswali kwa Kiingereza. Mie nikifika Muheza namhoji bibi kwa Kibondei mpaka anasahau kama anahojiwa. Hilo wananipimia swali la ngapi?

ZAI: Hawalipimi. Lakini kutolipima hakufanyi cheti kiwe bure.

HAMZA: Sijasema bure. Nimesema umelala.

ZAI: Na mimi nasema kijana alidanganya, na nikirudi siku ile nitamfukuza tena.

HAMZA: Ungemsikiliza kwanza. Alikuwa analipwa kwa dodoso, na siku ile mvua imenyesha tangu alfajiri.

ZAI: Dodoso lililozuiwa na mvua anarudi nalo kesho yake. Analipwa.

HAMZA: Nani alimwambia kwamba analipwa kesho yake? Wewe?

ZAI: ...Msimamizi wake alipaswa kumwambia.

HAMZA: Msimamizi wake nilikuwa mimi. Na mie sikuambiwa.

ZAI: Hilo hujawahi kuniambia.

HAMZA: Hukuuliza.

ZAI: [kimya] Na bado ningemfukuza.

HAMZA: Najua. Na mie bado nasema ungemsikiliza.

ZAI: Inveta inalia. Jamani, zile hatua tano...

HAMZA: Soma moja.

ZAI: Ya kwanza, dada wa Korogwe: kabla hujalipa ada, soma kanuni za chama, uone wanahesabu saa zipi na wanakataa zipi. Nyingine tutazisoma wiki ijayo, au kaka Hamza ataziweka...

HAMZA: Mie siweki kitu. Mzee anauliza kama cheti kimefika.

ZAI: Kimefika. Saa nane na dakika hamsini na moja usiku.

HAMZA: Anauliza chake.