Adhana hewani, na saa iliyomtesa Zuhura

ZUHURA: Haya wapenzi wa redio za ridhaa, hizi za kuwasiliana na watu wa mbali kwa antena zetu wenyewe, tumerudi, mie Zuhura niko na kaka Makame hapa Bububu, mkisikia jenereta ni la jirani msituseme sie. Leo kaka Makame anakiri dhambi yake.

MAKAME: Dhambi gani yakhe?

ZUHURA: Ile ya alasiri.

MAKAME: Ah. Haya bwana. Nlinunua laptopu ya mtumba Darajani, nikaweka WSJT-X, ile programu ya bure ya kutumiana meseji fupi kwa redio na kompyuta, aliyoianzisha Joe Taylor, profesa wa Marekani aliyepata Nobel ya fizikia 1993, nikachomeka waya mmoja wa USB kwenye redio nikaona mambo yashakuwa. Sasa laptopu hiyo hiyo n'na programu ya nyakati za sala. Niko bendi ya mita 20 naita watu kwa FT8, ile mitindo ya meseji fupi inayopokezana kwa zamu, katikati ya zamu yangu naona skrini imeandika alasiri imeingia, adhana inapiga, lakini spika kimya! Huku mshale wa ALC redioni, ule unaoonesha sauti inayoingia kurushwa imezidi, umeruka juu. Ndo nikajua adhana inakwenda wapi.

ZUHURA: (anacheka) Wazungu wameadhiniwa!

MAKAME: Sekunde chache tu, zamu ni ya sekunde 15 na kurusha kwenyewe ni 12 na kitu, lakini aibu niloipata, acha. Sababu yake, redio yenye saundi kadi ndani ukiichomeka, Windows inaiona spika mpya, inaiandika USB Audio CODEC na mara nyingi inaifanya ndo spika kuu, basi kila kinacholia kwenye laptopu kinapita redioni, meseji, video, kila kitu. Kwa hivyo nenda setingi za sauti, rejesha spika ya laptopu iwe kuu, hiyo CODEC ichague ndani ya WSJT-X peke yake, kuingiza na kutoa. Na ile milio ya taarifa ya Windows izime yote.

ZUHURA: Na kiwango cha sauti?

MAKAME: Hapo ndo watu wanaharibu. Wanadhani ukipandisha sauti ndo utafika mbali. Wapi! Ikizidi inapasuka, unatapakaa kwa wenzio, na signali ya FT8 upana wake hertz 50 tu, watu wamebanana pale megahertz 14.074 kama abiria wa daladala ya jioni. Teremsha pole pole mpaka ALC iwe karibu haisogei, basi. Sauti ya kuingia kutoka redioni, kile kipimo cha pembeni mwa WSJT-X kikae kwenye 30 hivi pakiwa pamenyamaza.

ZUHURA: Mie kilonitesa saa. Skrini imejaa mistari, nawasikia kabisa wanalia, hakuna hata jina moja linalotokea. Nimebadilisha waya, nimefuta drayva nikaweka upya, siku mbili nzima nalaumu antena ya watu, kumbe saa ya laptopu imechelewa sekunde 3! FT8 inataka msipishane zaidi ya sekunde moja hivi. Intaneti ikiwepo iache saa ijirekebishe yenyewe, shamba kusikokuwa na mtandao chomeka kile kijiti cha GPS kinachochukua saa kutoka setelaiti.

MAKAME: Na UTC, ile saa moja ya dunia nzima tunayoandikia daftari?

ZUHURA: Sie rahisi kuliko wote. Saa ya Kiswahili ongeza 3 unapata UTC, ongeza 3 tena ndo ile ya Windows. Saa 3 asubuhi, UTC 6, Windows 9. Usiku UTC yake ongeza 12 nyengine. Ila usifanye kama mjomba wangu, kompyuta kaiweka saa ya Kiswahili! Watu anawapata vizuri maana programu inatazama sekunde tu, lakini daftari lake lote halilingani na la mtu yeyote duniani.

MAKAME: (anacheka) Mjomba huyo! Na kule kwenye programu unapoandika jina lako la hewani, lile linaloanzia 5H ulopewa na TCRA, weka na kisanduku cha ramani, zile herufi na namba zinazoonesha uko wapi duniani. Mjini na hapa ni KI93, Chake kule Pemba KI94.

ZUHURA: Na Nungwi pia KI94.

MAKAME: Ndo hivyo, Nungwi na Chake kwenye redio ni mtaa mmoja.

ZUHURA: Waambie watu wa Nungwi hayo. Na ile programu ya sala?

MAKAME: Nimeihamishia simuni.

(adhana inasikika)

ZUHURA: Hiyo simu yako au hewani tena?

MAKAME: Msikitini hiyo yakhe, zima rikoda twende.