Mpangaji Aliyemshtaki Mwenye Ardhi

NEEMA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Neema, niko na kaka Rashidi. Leo safari yetu ni Florida, kwa sababu kaka amekuja na ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, na mpangaji mwenyewe ni serikali ya Marekani.

RASHIDI: Ndivyo, dada. Panaitwa Loxahatchee, ekari kama 145,000 za kinamasi, upande wa kaskazini wa Everglades, eneo kubwa la kinamasi la kusini mwa Florida. Kwa jina ni hifadhi ya taifa ya wanyamapori, lakini karibu ardhi yote ni mali ya jimbo. Mwaka 1951 jimbo liliikabidhi kwa mkataba kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya serikali ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, iitunze.

NEEMA: Na jimbo likabaki na nini?

RASHIDI: Maji. Na hapo ndipo penye utamu. Hifadhi nzima imezungushiwa tuta, kwa hiyo ni bwawa pia: inahifadhi maji ya miji na kuzuia mafuriko. Pampu na mageti mengi yanaendeshwa na mamlaka ya maji ya Florida Kusini, chombo cha jimbo. Ratiba ya maji yapande hadi wapi, mwezi gani, inapangwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi, na hao ni wa shirikisho. Mhifadhi aliyeajiriwa kutunza ndege anakuja wa tatu kwenye foleni.

NEEMA: Ndege yeye anajali nini nani kashika geti?

RASHIDI: Anajali kuliko wote! Kuna mwewe pale, chakula chake kikuu ni konokono wa majini. Amekuwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1967. Huyo konokono usiku anapanda kwenye bua la nyasi, anataga mayai yake juu kidogo ya usawa wa maji, vishada vyeupe vimegandana. Ukifungulia maji ghafla, mayai yamezama. Ukiyatoa mno, konokono anajichimbia matopeni na mwewe anakosa mlo. Kwa hiyo mtu aliye ofisini na ratiba ya mageti ndiye anayeamua kama vifaranga watakula.

NEEMA: Sasa ugomvi ulianzaje?

RASHIDI: Kwa mbolea. Kusini mwa ziwa Okeechobee kuna mashamba makubwa ya miwa. Maji yanayotoka huko yana fosforasi, kirutubisho cha mbolea, na kinamasi kile kwa asili kinaishi kwa maji ya mvua, masafi, yasiyo na rutuba. Fosforasi ikiingia, nyasi za asili, zile zenye makali kama msumeno, zinapotea na pembeni mwa mifereji panajaa matete yaliyosongamana kiasi kwamba ndege hapati pa kutua. Mwaka 1988 serikali ya shirikisho ikalishtaki jimbo na mamlaka ya maji.

NEEMA: Subiri. Mpangaji kamshtaki mwenye nyumba?

RASHIDI: Kamshtaki kwa kumletea maji machafu! Wakavutana miaka mitatu, mawakili wanakula tu. Mwaka 1991 gavana Lawton Chiles akaingia mahakamani mwenyewe na kumwambia jaji kwamba maji ni machafu, amekuja kusalimu amri. Makubaliano yakapitishwa na mahakama 1992. Jimbo likajenga vinamasi vya kuchujia, makumi ya maelfu ya ekari, na lengo likawa fosforasi isizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

NEEMA: Mpangaji kashinda, basi.

RASHIDI: Raundi ya kwanza. Maana naye alikuwa na jukumu kwenye mkataba: kung'oa magugu vamizi. Na gugu lililomshinda ni kangaga linalotambaa juu ya miti. Asili yake ni Asia, Australia na huku kwetu Afrika.

NEEMA: Tumewapelekea sisi?

RASHIDI: Sisi hatumo! Liliingia Florida kama pambo la bustani. Linapanda mti mpaka kileleni, linaufunika kama blanketi, na moto ukija linaupandisha juu. Vijana wanafika kwenye visiwa vya miti kwa boti za feni, wanakata kwa panga usawa wa kiuno, juu wanaacha likauke, chini wanapiga dawa. Kisha upepo unaleta chembe zake za uzazi, laini kama vumbi, kazi inaanza upya. Hiyo ni pesa, na bajeti ya Washington haikutosha. Mwaka 2016 mamlaka ya maji ikasema: mmevunja mkataba, mtatoka.

NEEMA: Mimi hapo nina mashaka. Kangaga tu?

RASHIDI: Wanaharakati walisema hivyohivyo, kwamba shabaha ni zile kanuni kali za maji: ukimwondoa mlalamikaji, masharti yatalegea. Jimbo likakana, likasema linataka ardhi yake isife. Mimi naona yote mawili yaliwezekana kwa pamoja. Kangaga lilikuwa kweli, na kero ya kesi ilikuwa kweli.

NEEMA: Lakini ukisema shirikisho ndilo lenye haki, limelipa pesa lini? Huwezi kudai usafi wa maji halafu shamba ulilopewa linaota pori.

RASHIDI: Hapo nakuunga mkono. Ila jimbo nalo lisijifanye lingemudu peke yake. Ndiyo maana hawakufukuzana. Mwaka 2018 walifikia makubaliano mapya, gharama za kangaga zikabebwa na pande zote mbili.

NEEMA: Na panga ndiyo dawa pekee?

RASHIDI: Wameleta na wadudu. Nondo mdogo kutoka Australia aliachiwa Florida mwaka 2008, viwavi wake wanakula majani ya kangaga. Wanasaidia, lakini boti na mapanga bado vinahitajika.