Mume, Baba, Babu: Namna ya Kuandika Wasifu wa Marehemu

Ndugu makatibu wa kamati za mazishi, wazee wa kanisa, mama zangu, na ninyi vijana mnaokabidhiwa kalamu kwa maneno yale yale, "wewe umesoma, tuandikie historia ya mzee": wakubwa shikamooni, na nyote poleni, maana kazi hii huja siku ambayo hata kula ni tabu.

Wasifu mwingi unaosomwa chini ya turubai hufanana na barua ya kuomba kazi. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alipanda cheo, alistaafu, aliugua, akafariki. Mwajiri wake akisikia anamtambua. Mkewe aliyeishi naye miaka 50 anasikia habari za mgeni. Mzee alikuwa mume, alikuwa baba, alikuwa babu, na kila nafasi ina shahidi wake. Mtoto mkubwa hawezi kumsemea mama yake. Wala hawezi kuwasemea wajukuu, kwa sababu baba aliyemchapa yeye kwa kuchelewa na ng'ombe ndiye huyo huyo aliyewaacha wajukuu wampande mgongoni. Kwa hiyo mwandishi mmoja, lakini mashahidi watatu.

Anzeni na makaratasi, usiku ule wa kwanza, kabla watu hawajajaa. Cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa, barua ya ajira. Mtakuta havipatani. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawakuandikishwa, na mwaka ulioko kwenye kitambulisho ulikadiriwa. Hapo msibishane, mfuateni dada yake au mtu wa rika lake, mumuulize kwa matukio. Uhuru ulipopatikana, Desemba 1961, alikuwa bado anachunga au ameshaanza kazi? Alioa kabla au baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1973 hadi 1976? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimkuta na watoto wangapi? Mkikosa mwaka kamili, andikeni "mnamo". Ila kwenye fomu za cheti cha kifo fuateni kitambulisho, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, la sivyo mjane atasumbuka kwenye mafao na mirathi.

Umri nao hukosewa sana. Aliyezaliwa Novemba 1944 na kufariki Machi 2023 ana miaka 78, si 79, kwa kuwa Novemba ya mwaka huo hakuifikia. Fundi wa msalaba apewe tarehe zilizoandikwa kwenye karatasi. Zikitajwa kwa simu, ndipo msalaba unasema hivi na wasifu unasema vile.

Sasa mjane. Msimwendee kundi zima na daftari. Aende mtu mmoja, mwanamke aliyemzoea, akae naye pale mkekani, na aanze siku ya pili, machozi ya kwanza yakiwa yamepungua. Asimuulize "baba alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo lina jibu moja tu: alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu. Kila marehemu ni mpole na mcheshi. Aulize vitu vidogo. Alikuwa anakuitaje mkiwa wawili? Akirudi nyumbani, kitu cha kwanza alishika nini? Mkikosana, nani alianza kusema, na kwa njia gani? Jibu likiwa, kwa mfano, kwamba akikosa hakuomba radhi kwa mdomo, bali aliamka kabla ya jogoo, akapasua kuni na kuzipanga mlangoni pa jiko, basi andikeni hivyo hivyo. Msiongeze "hii inaonyesha upendo wake". Wanawake waliokaa chini ya turubai wataelewa.

Wajukuu waulizwe mbali na wazazi wao, hasa walio chini ya miaka 10, kwa sababu mbele ya wakubwa watasema "babu alitupenda". Ulizeni babu alikuwa anaweka nini mfukoni, na kwake walikatazwa kugusa nini. Watataja pipi ya kijiti, redio, kiti chake.

Hesabu ya watoto inataka uangalifu kuliko sehemu yoyote, maana wasifu usiotaja mtoto humfukuza mbele ya umati, na baadaye kwenye kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi wa mirathi ugomvi huanzia hapo. Watajwe kwa kufuata kuzaliwa, si wavulana kwanza. Waliotangulia mbele ya haki wahesabiwe: "alijaliwa watoto 8, na 6 wako hai." Kama kuna aliyezaliwa nje ya ndoa, wazee wamalize jambo hilo na mjane ndani kabla ya kuchapa. Wajukuu wakizidi 10, tajeni idadi tu. Ukitaja majina 14 ukasahau la 15, huyo hatasahau.

Ugonjwa, sentensi mbili. Jina la maradhi ni la familia, litajwe wakiridhia.

Msomaji asiwe mtoto anayelia kuliko wote. Achaguliwe mjukuu mkubwa au mpwa mwenye sauti, na wa akiba asimame karibu akiwa na nakala yake. Herufi za saizi 14, mstari mmoja na nusu, kurasa mbili: zikisomwa taratibu hazizidi dakika 8. Punguzeni miaka, kwa sababu 1974 kwa mdomo ni "elfu moja mia tisa sabini na nne", na ikija mara 12 watu wanaanza kuangalia simu. Karatasi zibanwe kwenye jalada gumu. Upepo wa makaburini hauna huruma. Ukishasomwa nyumbani au kanisani, usirudiwe kaburini. Kwa Waislamu, ambao mazishi yao hayasubiri, maneno haya wengi huyapa nafasi siku ya hitma, hivyo mna muda zaidi wa kuuliza.

Jioni ya kuamkia mazishi, kabla ya kwenda kuchapa, rudini kwa mjane. Yule yule mwanamke aliyemuuliza amsomee yote kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, penseli mkononi. Akisema sentensi fulani itolewe, itolewe, na asiulizwe sababu.