Gari ya mkononi: usilipe siku uliyoiona

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa wangu, na vijana mambo zenu. Nashukuru saccos yenu kunipa nafasi, maana najua wengi hapa mnasubiri mkopo utoke na hela ikishaingia tu mtu anataka gari wiki hiyohiyo, na mimi kama fundi hapo ndo naingiwa na hofu, kwasababu magari mabovu ninayoletewa gereji mengi yalinunuliwa kwa haraka. Mtu kaonyeshwa Toyota IST inang'aa, dalali kamwambia kuna mteja anakuja jioni na keshi, basi keshatoa advansi. Ndugu zangu, acheni huyo mteja wa jioni aichukue. IST Dar hii haziishi.

Kabla hujafungua hata boneti omba kadi ya gari, ile yenye jina la mmiliki. Original, sio kopi wala picha ya WhatsApp. Ukiambiwa imepotea ila kuna losi ripoti ya polisi, simama hapohapo, maana inawezekana kadi haijapotea kabisa, iko kwa mkopeshaji, mwenye gari kaiweka dhamana, we unanunua leo alafu baadae wanakuja kuivuta nyumbani kwako. Ukiona jina la benki limeandikwa pamoja na la mtu jua kuna mkopo pale, dai barua ya benki kwamba deni limeisha. Na kama jina ni la marehemu, wa kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akuonyeshe hiyo barua, hata kama aliyekuja ni mtoto wa kuzaliwa wa marehemu. Hapa siwezi kulegeza hata kidogo, injini ikifa inatengenezwa ila gari ya mirathi yenye ugomvi itakupeleka mahakamani miaka.

Sasa chukua hiyo kadi uende nayo kwenye gari. Namba ya chasisi imegongwa kwenye bodi, kwenye Toyota nyingi utaikuta kwenye ule ukuta nyuma ya injini, futa vumbi na kitambaa usome herufi moja moja. Mfano hiyo IST ya kwanza, ya 2002 mpaka 2007, ikianza na NCP60 ni ya cc 1,300, NCP61 ni cc 1,500. Mtu akikuuzia kwa bei ya 1,500 na bodi inasema NCP60 ujue unaongea na nani. Ukiona pale pamesagwa, pana welding au rangi mpya sehemu hiyo tu, ondoka.

Injini nendeni asubuhi, na msimwambie muuzaji awashe akiwasubiri. Weka kiganja juu ya boneti, kama ni ya moto ameshaipasha, na injini ikiwa ya moto inaficha mengi: kuwaka kwa shida, mlio wa cheni, moshi wa mwanzo. Mwambie utarudi kesho, kweli urudi. Ikiwa ya baridi fungua kifuniko cha oili, ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa kuna uwezekano mkubwa maji yanaingia kwenye oili, silinda hedi au gasketi hiyo. Rejeta pia ifungue ikiwa ya baridi tu, usije ukaungua. Alafu iwashwe wewe ukiwa nyuma kwenye egzosti. Moshi wa bluu inakula oili. Mweupe kidogo wa baridi, hasa kwa watu wa Mbeya na Arusha, sio tatizo, ila ukiendelea kutoka mzito injini ikiwa imeshapata moto ni maji yanaungua mle ndani.

Dada pale nyuma kauliza kilometa. Dada yangu, zile namba zinarudishwa, usizitegemee. Angalia pedeli ya breki, usukani, kiti cha dereva. Dashibodi inasema 60,000 na raba ya pedeli imelika mpaka chuma, amini pedeli.

Na gari zilizoingia maji. Mvua zikijaza bonde la Jangwani hapa Dar mnaona magari yanavyozama, na baadhi yanakaushwa, yanaoshwa, yanarudi sokoni. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, wauzaji wanaosha kile kipande kinachoonekana tu, ukikuta mstari wa tope huko ndani imeshaogelea. Inua kapeti, nusa, pitisha kidole chini ya reli za kiti. Mimi gari ya mafuriko simshauri mtu hata kwa nusu bei, nyaya zake zitaoza taratibu na kila mwezi utakuwa kwa fundi umeme.

Ukiridhika na vyote, mpeleke fundi wako, sio aliyeletwa na dalali. Angalia na deni la trafiki mtandaoni kwa namba ya gari, kwasababu faini zinakaa kwenye gari na 30,000 zikiwa kumi ni laki tatu. Mkataba muandikishiane kwa wakili, hela iingie kwenye akaunti yenye jina lilelile la kwenye kadi, asikwambie mtumie shemeji. Na umiliki mbadilishe TRA mapema, muuzaji bado akiwa anapokea simu zako.