Kazi ya Kuvunja Ndani ya Jani

Assalamu alaykum. Walimu, wanafunzi, na nyinyi wakulima mlioacha vitalu vyenu mkaja hapa Wete, ahsanteni sana.

Shuleni tunafundisha kwamba kloroplasti, vijisehemu vya kijani ndani ya seli za jani, hutengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua. Ni kweli, lakini tukiishia hapo tunawanyima wanafunzi sehemu tamu ya habari. Kloroplasti huishi kwa kujenga protini na kwa kuzivunja, na kuvunja ni kazi nzito kama kujenga.

Ina protini za aina 3,000 hivi. DNA yake yenyewe hubeba maelekezo ya zisizofika 100. Zilizobaki maelekezo yake yamo kwenye kiini cha seli. Hutengenezwa nje, hupitishwa kwenye milango ya utando zikiwa hazijakunjwa, kisha husaidiwa kujikunja humo ndani. Chukueni rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi. Kina vipande vikubwa 8, vinavyotengenezwa ndani ya kloroplasti, na vidogo 8, vinavyotoka nje. Upande mmoja ukizidisha, ziada haina kazi, huvunjwa. (Mwani wetu mwekundu una jeni za vipande vyote viwili ndani ya kloroplasti yenyewe. Hilo tuliwekee siku yake.)

Sasa njooni kitaluni. Kila anayeotesha mikarafuu anajua kwamba mche uliokulia chini ya makuti hautolewi juani ghafla, majani hubabuka. Ndani ya jani kuna protini inayoitwa D1, iliyo kwenye mtambo unaopasua maji wakati wa usanisinuru. Mwanga unaouendesha mtambo huo ndio unaoiharibu D1. Kwenye jua kali huweza kubadilishwa ndani ya saa moja tu: mtambo hufunguliwa, kimeng'enya FtsH huing'oa D1 mbovu kwenye utando na kuikatakata, mpya hutengenezwa ikapachikwa palepale. Uharibifu ukiishinda kasi ya ukarabati, jani huumia. Kupunguza kivuli kidogo kidogo kunalipatia jani muda wa kujizatiti.

Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, ukikosa aina moja ya FtsH hutoa majani yenye mabaka meupe. Huhitaji hadubini kuliona hilo.

Kuna jambo jengine linalonifurahisha mno. Mwaka 2012 Paul Jarvis na wenzake, Uingereza, walionesha kwamba protini SP1, kwenye utando wa nje wa kloroplasti, huitia milango yenyewe alama ya kuvunjwa. Mwaka 2019 wakaonesha vipi protini zilizotiwa alama huvutwa nje ya utando zikavunjwe. Seli, basi, huibadilisha milango ili kubadilisha kinachoingia! Arabidopsis iliyozidishiwa SP1 ilistahimili chumvi vizuri zaidi. Mpunga si Arabidopsis, lakini sisi ambao maji ya bahari yanatuingilia mabondeni, utafiti huu tuufuatilie kwa karibu.

Na kwa kuwa nimeutaja mpunga: kiasi cha robo tatu ya nitrojeni ya jani imo ndani ya kloroplasti, na hakuna protini moja yenye sehemu kubwa yake kuliko rubisko. Mpunga unapokomaa majani huwa manjano kwa sababu kloroplasti zinabomolewa kwa utaratibu, na nitrojeni inapandishwa kwenye suke. Sehemu kubwa ya nitrojeni iliyomo kwenye punje mnayoipika ilikuwa kwanza kwenye majani.

Karibuni kwa maswali. Mzee pale nyuma, nimekuona umenyoosha mkono tangu nilipotaja makuti.