Funga Daftari, Tazama Kwanza

Walimu wenzangu, asanteni. Mwenye ratiba amenipa dakika arobaini, na nimemwona anaangalia saa kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo salamu ndefu tuziache. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema. Nimekisema Morogoro, nimekisema Tanga, nimekisema hata kwenye kikao cha wazazi kilichoitishwa kwa ajili ya michango ya uji. Leo nakisema tena kwa sababu wiki mbili zilizopita nilipita makumbusho kwa shughuli zangu, nikayakuta yale yale.

Mabasi mawili yameegeshwa chini ya mti. Wanafunzi wa kidato cha pili, sare safi, soksi zimevutwa mpaka magotini, wanaingia kwa mstari, kila mmoja na daftari lake. Na wote wameinama mbele ya vibao vya maelezo wananakili. Kitu chenyewe kiko ndani ya kioo, mtu amekitolea jasho kukichonga, na wao wamekipa bega. Mmoja alikuwa anaandika mpaka namba ya usajili, zile herufi na tarakimu ndogo za pembeni. Nikamuuliza, mwanangu, hiyo ya nini? Akasema, "Mwalimu anaweza kuiuliza." Na mwalimu wake alikuwa wapi? Nje, kivulini, anahesabu soda.

(Kicheko ukumbini.)

Mnacheka kwa sababu mmezihesabu. Mimi pia nimezihesabu, miaka mingi tu. Sikuacha kwa kusoma kitabu. Niliacha kwa sababu printa ya shule iligoma.

Ilikuwa asubuhi ya ziara. Nilikuwa na maswali ishirini na tano ya kuwapa, ya aina ile ile: taja, orodhesha, lilitengenezwa mwaka gani. Hayakutoka. Nikafika kwenye makumbusho, sitayataja jina maana nitayasema kidogo, nikiwa na watoto arobaini na wawili na mikono mitupu. Msije mkadhani nilikuwa na falsafa. Niliwaambia wafunge madaftari, wakae sakafuni mbele ya kabati moja, asiongee mtu mpaka niseme. Nilitaka kupata muda wa kufikiri, basi.

Kabati hilo lilikuwa na kinyago cha mapiko. Kimoja Wamakonde hukiita lipiko, vikiwa vingi mapiko, na ngoma yake huitwa mapiko vilevile. Msifikirie vile vya kuning'iniza ukutani tunavyowauzia watalii pale Mwenge. Hiki ni kichwa kizima, kimekombwa ndani, mtu anakivaa kama helmeti ya bodaboda.

Dakika tano za kwanza ni mateso, nisiwadanganye. Kukohoa, kusukumana, mmoja anadai ameona popo. Ukivumilia hapo, na wengi wetu hatuvumilii, tunaanza kuhutubia, basi watoto wanachoka kuchoka. Wanaanza kutazama kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya.

Wa kwanza akasema, "Nywele ni za mtu kweli." Wenzake wakamcheka. Nikamuuliza, umekiona wapi? Akaonyesha: hazilingani urefu, na karibu na sikio zimenyonyoka, pamebaki kipara chenye vitobo. Kimya kidogo. Mwingine akasema chale za usoni hazikuchongwa, zimebandikwa. Umekiona wapi? Shavuni, kipande kimoja kimebanduka, kikaacha alama nyepesi kuliko mti uliobaki. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya kabati lile labda mara kumi, sijawahi kuiona ile alama. Baadaye ndiyo nikajua ni nta ya nyuki, hubandikwa mstari kwa mstari kufuata chale walizokuwa wakichanja watu wenyewe.

Halafu matundu. Ukingo wa chini wa kinyago una vitundu vimezunguka wote. "Vya kupitisha hewa." Kwa nini viwe chini kabisa, shingoni? "Vya kamba." Kamba ya nini? Hapo mtoto wa fundi cherehani akasema, vya kushonea kitambaa, maana vimepishana sawasawa kama vya pindo.

Na kulikuwa na binti mmoja. Tangu Januari nilikuwa nimeisikia sauti yake labda mara tatu, na mbili kati ya hizo ni "nipo" ya mahudhurio. Binti akalala chali sakafuni, kichwa karibu na kabati, akawa anakitazama kinyago kwa chini. Mlinzi akaja mbio: "Mwalimu, mwanafunzi kaanguka!" Hajaanguka, kaka, anasoma. Binti akasema akiwa pale pale chini: "Mwalimu, macho ni mfereji tu, yamefumba. Mdomo ndio umetoboka mpaka ndani. Aliyekivaa alikuwa anaonea mdomoni."

Ngojeni, sijamaliza. Kijana mmoja kwa nyuma akaguna. Huyu kwao Newala. Akasema, "Babu yangu alisema mambo haya wanawake hawaambiwi."

Sasa fanya nini? Printa imegoma, mlinzi amekusimamia, na darasa lako limeingia kwenye siri ya jando. Maana ni kweli. Kwa mwanamke na kwa mtoto ambaye hajaingia jandoni, anayecheza mapiko hakuwa mtu. Ni aliyekufa, amerudi. Ndiyo maana mwili wote unafunikwa nguo, isionekane hata ngozi ya kifundo cha mguu, na ndiyo maana ya vile vitundu. Kwamba ndani yuko fulani, mume wa fulani, anayetafuta njia kwa kuchungulia mdomoni: hilo ndilo lililofichwa. Na binti wa miaka kumi na tano amelifichua kwa kulala sakafuni.

Mwisho nikaenda kusoma kibao. Mistari mitatu: kinyago cha ngoma, Wamakonde, mbao. Namshukuru Mungu hawakuanza nacho.

Jumapili iliyofuata tukaenda Mbagala, alikohamia yule babu. Mimi, kijana, na binti akiwa na mchoro wake, maana baada ya kusema niliwaruhusu wachore. Shikamoo, marahaba, tukakaa mkekani. Mzee akauchukua mchoro, akautazama, akauinamisha mpaka ule uso ukawa unatazama dari. "Mwalimu, mbona mmemsimamisha? Huyu hatazami watu mbele. Huyu anatazama juu." Akarudisha kichwa chake nyuma, akaweka kidole kwenye mdomo wa mchoro: macho ya mtu yako hapa. Yaani makumbusho yale, pamoja na kioo chao na taa zao, walikuwa wamekisimamisha kinyago wima, tofauti na kinavyokaa kichwani. Ukikiweka wima, mdomo wake unaangukia kidevuni mwa mvaaji. Haoni kitu.

Halafu mzee akamtuma mjukuu wake akalete chai, na alipotoka akamgeukia binti, akasema taratibu: "Mimi sijakuambia. Umekiona mwenyewe."

Mambo mawili hapa, kabla hamjaninyoshea mikono. Kwanza, sisemi macho yanatosha. Mkao wa kile kinyago sisi tusingeujua bila mzee. Lakini tusingekuwa na swali la kumpelekea kama tungekuwa tumenakili mistari mitatu. Tungekwenda Mbagala kuuliza nini? "Babu, mbao ni nini?" Pili, suala la heshima. Kuna mwalimu aliwahi kuniambia nilikosea kumpeleka binti. Inawezekana. Nimelifikiria sana na sina jibu la kunyooka. Najua tu kwamba kinyago kiko hadharani, nyuma ya kioo, kwa kiingilio, na mabinti wanapitishwa mbele yake kila wiki. Aliyekitoa kwenye siri si mimi.

Tuendelee. Kuna watu wanaofanya kazi hii kwa utaratibu. Abigail Housen na Philip Yenawine, Wamarekani, walitengeneza maswali matatu ya kumuuliza mwanafunzi mbele ya picha. Nikiyatia kwenye Kiswahili chetu: hapa kunatokea nini? Umeona nini hata ukasema hivyo? Tuone nini zaidi? Nilipoyasikia nilifurahi, nikakasirika pia, maana swali la kati ndilo lile langu la "umekiona wapi", na mimi sikulipwa.

Swali hilo ndilo uti wa mgongo. Najua pingamizi, nimelisikia kila mkoa: "Ukiwaachia watafsiri wenyewe, watasema ovyo." Watasema, ndiyo. Siku ile kijana mmoja alisema kinyago ni cha mganga. Umekiona wapi? Akatazama. Akatazama tena. Akasema, "Sijakiona, nilikiona kwenye filamu." Akakaa. Sikumwambia amekosea, kinyago kilimwambia. Mwalimu anayesema "kila jibu ni sawa" amechoka, aende likizo. Majibu hayako sawa. Lenye ushahidi lina haki ya kusimama, lisilo nao linakaa chini, hata likiwa la mwalimu.

Pingamizi la pili huletwa na wazee wenzangu: haya ni mambo ya Wazungu, kukaa mbele ya sanamu na kufasiri. Jamani! Nani kati yenu hajafasiri kanga? Mama anatoka, jirani anatazama mji, anatazama pindo, anasoma jina, kisha anaangalia imevaliwa siku gani na imepitishwa mlango wa nani. Ugomvi wa mwaka mzima unasomwa hapo bila mtu kufungua mdomo. Hiyo ni kazi ya jicho, na ushahidi unatajwa: "Kwa nini aivae leo? Kwa nini apite huku, na sokoni ni kule?"

Na unyago? Mwaka 1956 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyetafiti mila za Tanganyika, alichapisha kazi nzima juu ya sanamu za udongo zilizotumika kuwafunda vijana. Sanamu inatolewa mbele ya mwari, ina wimbo wake, na maana yake haikai juu juu, inabidi ifumbuliwe. Hapakuwa na kibao. Akina mama wa safu ya mbele mnanitazama kwa jicho la "usiendelee", na siendelei. Ninachosema ni kwamba somo la kutazama kitu kwa makini na kukitolea maana tulikuwa nalo. Shule ndiyo iliyotupa daftari la kujificha nyuma yake. Kwa hiyo siku moja kabla ya ziara, lete kanga darasani. Funika jina kwa karatasi. Waulize jina lake lingekuwa nini, na kwa nini. Ni zoezi la bure.

Pingamizi la muda. Eti vitu ni vingi, saa moja na nusu, lazima wamwone Zinjanthropus, lile fuvu la kale, lazima waone magari ya Mwalimu Nyerere. Pale Harvard kuna profesa wa historia ya sanaa, Jennifer Roberts, anayewataka wanafunzi wake wakae saa tatu mbele ya mchoro mmoja. Saa tatu! Yeye mwenyewe alifanya hivyo Boston mbele ya picha ya John Singleton Copley ya mwaka 1765, kijana mwenye kindi, na anasema ilimchukua dakika tisa kugundua kwamba umbo la sikio la kijana linafanana na manyoya ya tumboni mwa kindi. Profesa, dakika tisa. Sisi tunampa mtoto wa kidato cha pili sekunde ishirini, halafu tunamlaumu kuwa hana udadisi. Siombi saa tatu, mwenye basi atatuacha. Naomba robo saa, kitu kimoja. Vingine wapite navyo wakishangaa kama watu wa kawaida.

Naona naonyeshwa karatasi imeandikwa tano. Basi harakaharaka.

Picha za Tingatinga. Msianze na wasifu wa mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa lini, alifariki 1972 vipi. Anza na swali moja: ardhi iko wapi? Mtoto atamtazama chui na kugundua kwamba kwenye picha nyingi hakuna ardhi wala kivuli, mnyama ameelea kwenye rangi moja. Na rangi inang'aa kupita kiasi. Kwa nini? Hapo ndipo utawaambia habari ya rangi ya baiskeli na zile mbao za dari alizochorea, na hawatasahau.

Kuchora: lazima, hata asiyejua kuchora. Mkono hulilazimisha jicho.

Waongozaji wa makumbusho: zungumza nao mapema, kwa adabu, waombe wanyamaze robo saa ya kwanza. Wengi hawapendi. Nilikuwa na mengi ya kusema hapo, nayaacha.

Mtihani. Nilikuwa na ukurasa mzima juu ya mtihani, jinsi ya kusahihisha jibu la "umekiona wapi". Nitampa katibu, mtakaotaka nakala mwone yeye, na kama printa yake itagoma msinilaumu.

Mzee wangu pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja kanga. Karibu, mzee. Naomba apewe kipaza sauti.